Gunia la Pili la Waru

Hakuna kitu cha dunia hii kinaweza kunishtua. Nimeyasema haya mbele ya watu mara nyingi na nayaandika hapa bila aibu. Shule niliacha darasa la tano. Nilikuja Kitengela wakati nyumba za Noonkopir ungezihesabu ukiwa umesimama mahali pamoja. Nimebeba mawe kwa mgongo. Nimeuza maji kwa mkokoteni, mitungi ishirini kwa safari moja, matope hadi magotini. Nimewahi kuibiwa na watu wenye bunduki, na walipokuwa wakitoka niliwaambia wafunge mlango kwa sababu mvua ilikuwa inaingia kwa simiti. Leo niko na hadiwea mbili za kuuza simiti na mabati, malori matatu, na nyumba ya ghorofa ambayo hakuna injinia alinichorea. Niliichora mwenyewe kwa kifuniko cha katoni, na haijapata ufa hata mmoja.

Kwa hivyo kushtuka, hapana. Kuogopa ndiyo habari ninayotaka kusimulia.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na mwili kama wangu. Tumbo lile lile, shingo ile ile, hata kucheka kwetu watu walishindwa kutofautisha kwa simu. Alikuwa na duka la chakula cha mifugo Kajiado mjini. Siku moja saa tano asubuhi mteja alimwomba chumvi ya ng'ombe. Kaka akainama nyuma ya kaunta kuichukua, na hakuinuka. Mteja akangoja. Alituambia baadaye kwamba alingoja muda mrefu kidogo, akidhani mwenye duka bado anatafuta mfuko mzuri. Hata alimwambia, "Mzee, wowote tu ni sawa."

Kaka alikuwa na miaka hamsini na moja.

Tangu siku hiyo mimi siinami dukani. Kitu kikianguka, namwambia mtu aokote. Wafanyakazi wanadhani ni ukubwa, na nimewaacha wadhani hivyo. Sasa, mwaka huu uliopita, mimi pia nikafikisha hamsini na moja.

Nilikuwa nimeenda kliniki kwa sababu ya goti, si kitu kingine. Daktari alikuwa msichana mdogo, wa umri wa binti yangu wa pili. Akachukua ule mkanda wa presha akaufunga kwa mkono wangu. Ukakataa kufika.

"Mzee, ngoja nilete ule mkubwa," akasema.

"Leta. Hata kamba ya kufungia mabati iko kwa duka langu, ukikosa."

Akacheka. Akapima. Akaacha kucheka, akapima tena, halafu akapima mkono ule mwingine.

"Mzee, umekuja na nani?"

"Nimekuja na mimi."

"Hii presha si ya kutembea nayo. Nitakupa dawa, utameza kila siku, usikose. Na huu uzito lazima upungue. Kwenu kuna mtu amewahi kuanguka ghafla?"

Nikasema hapana. Sijui ni kwa nini nilidanganya. Labda niliona kama nikimtaja kaka katika chumba kile, atakuja kukaa kwa kile kiti cha pili.

Dawa nilizipokea. Nilipofika kwa pikapu nilizitia ndani ya kile kisanduku cha mbele cha kuwekea karatasi za gari, chini kabisa, nikafunga. Nilijiambia kwamba dawa ya kila siku ni ya wagonjwa, na mimi sijalala hospitalini hata siku moja. Lakini ukweli ni kwamba sikutaka mke wangu azione. Nilijua angeanza kuniangalia jinsi anavyomwangalia mjane wa kaka kanisani.

Jumapili hiyo, duka likiwa limefungwa, nilipanda kwa ile mizani ya chini ambayo tunapimia misumari na waya. Kilo mia moja thelathini na moja. Nimeuza misumari kwa mizani hiyo miaka kumi na miwili na haijawahi kunitisha.

Njia ya waru, yaani viazi, niliipata kwa simu. Kulikuwa na video ya mzungu mmoja, mwanzo wa video alikuwa mnene kuliko mimi na mwisho alikuwa amekuwa kama mtu mwingine. Alisema kwa miezi kadhaa alikula viazi tu. Vya kuchemsha, pamoja na maganda yake, bila mafuta, bila maziwa, bila nyama. Niliitazama mara tatu nikiwa peke yangu ofisini, nikacheka kwa sauti. Viazi! Mimi nimezaliwa ndani ya shamba la viazi, upande wa Nyandarua. Mama yangu aliniachisha titi kwa waru. Kama dawa ya kifo ilikuwa waru, basi mimi nilikuwa nimeikimbia nyumbani nikaja kuitafuta kwa mabati.

Mtu mwingine angenunua kilo mbili sokoni ajaribu. Mimi si mtu wa kilo mbili. Nilisimamisha lori lililokuwa linatoka Nyandarua nikanunua magunia mawili, yale yaliyojazwa kupita mdomo yakashonewa kilemba juu. Sikuyaweka kwa stoo ya jikoni. Niliyapeleka juu kwenye veranda ya ghorofa, ambako niliezeka mabati yale yanayopitisha mwanga, nikakata gunia la pili nikamwaga zote chini zipate hewa. Nilijivunia sana ile hesabu. Zisilowe, zisioze.

Mke wangu ni mtu wa Machakos. Alisimama mlangoni mwa veranda akiwa na mwiko mkononi.

"Baba watoto, unafungua kiosko cha chipsi?"

"Nakula hizi. Hizi tu. Asubuhi, mchana, jioni."

"Hizi tu? Na mahindi yangu ya muthokoi nipelekee nani?"

"Peleka kwa watu wenu."

"Haya. Nyinyi watu wa waru mna mambo. Na kwa nini? Nani amekuambia uko mnene leo na jana hukuwa?"

"Nataka kupungua tu. Nguo zinabana."

Aliniangalia. Tumekaa pamoja miaka ishirini na sita, na anajua kwamba nguo zikinibana huwa nanunua zingine. Akarudi jikoni na mwiko wake. Nami nikampiga marufuku kugusa waru zangu. Nilizichemsha mwenyewe kwa sufuria yangu, mimi ambaye sikuwa nimewasha jiko tangu tuoane.

Wiki ya kwanza nililia kwa njaa, na sio kwa mfano. Nilikuwa natoka kanisani napita pale wanapochoma mbuzi, ule moshi unaniingia kwa pua na machozi yanatoka. Wiki ya pili nikazoea. Wiki ya tatu nilipanda kwa mizani nikapata mia moja ishirini na nne, nikaita kila mtu dukani aje aone. Nilijisifu hadi fundi mmoja akaniambia, "Bosi, basi, tumeona. Nipimie misumari." Nilimwambia kwamba anaona mtu ambaye ameshinda mwili wake kwa nguvu ya kichwa, bila daktari. Nilisema "bila daktari" kwa sauti kubwa, na zile dawa zilikuwa kwa pikapu, mita tano kutoka pale tulikuwa tumesimama.

Watu wakaanza kuniangalia vibaya. Kwetu mtu mwenye pesa akikonda, hakuna anayempongeza. Rafiki yangu mmoja Mmaasai, ambaye ananiletea mbuzi wa Krismasi kila mwaka, alinikuta nje ya duka akanisalimu kwa Kimaasai.

"Sopa!"

"Ipa."

Akashika shati langu pale tumboni, akalivuta kama mtu anayepima ngozi ya mbuzi.

"Mzee wa simiti, nani anakula wewe?"

"Nakula waru."

"Hapana. Waru nakula wewe." Halafu akashusha sauti. "Ndugu yako pia alikonda mbele ya kufa?"

"Ndugu yangu alikuwa mnene hadi siku ya mwisho."

"Basi afadhali," akasema, na hakuonekana kama anaamini.

Siku hiyo sikuuza kitu vizuri. Nilikuwa nimeanza waru kwa kuogopa unene, na sasa naogopa wembamba. Usiniulize mtu anawezaje kuogopa vitu viwili vinavyopingana. Mimi niliweza. Nilikuwa naamka nashika mshipa wa shingo, nahesabu, nasahau nimefika wapi, naanza tena. Mke wangu akigeuka nafanya kama najikuna.

Gunia la kwanza likaisha. Nikageukia zile zilizomwagwa chini. Zilikuwa zimekaa pale mwezi na zaidi, na jua la Kitengela unalijua, hata likipita kwa bati linafika likiwa limekasirika. Nilijaza sufuria. Mke wangu akapita akaangalia ndani.

"Baba watoto, hizi zimekuwa za kijani."

"Ni rangi ya ganda."

"Si ganda. Angalia hapa, hata ndani. Na zimetoa macho."

Hapo ndipo nilisema kile kitu. "Wewe watu wenu ni wa mahindi na pojo. Utanifundisha mimi waru? Mimi nimezilima na mikono hii nikiwa na miaka sita!"

Akaweka mwiko chini. "Sawa. Wewe ndiye mwalimu."

Zilikuwa chungu. Zilinichoma ulimi na koo kama pilipili isiyo na ladha ya pilipili. Lakini ningesema nini baada ya maneno hayo? Nilikula sahani yote mbele yake nikitabasamu. Nilijiambia kwamba dawa ya kweli huwa chungu. Jioni nikala tena. Kesho yake asubuhi, tena, na nikaongeza mbili juu ili aone.

Asubuhi hiyo nilikuwa naenda Kajiado kuangalia mzigo wa mchanga. Yule rafiki yangu wa mbuzi akaomba nimbebe hadi sokoni. Tulipita Isinya tukiwa tunaongea habari ya mvua. Mate yakaanza kunijaa mdomoni. Nikameza, yakajaa tena. Tumbo likanikata kama mtu anapitisha msumeno polepole. Mistari ya barabara ikawa miwili, halafu minne. Moyo wangu ukaanza kwenda kama pampu ya maji iliyovuta hewa, unakimbia, unakwama, unakimbia.

Niliegesha pikapu kando ya barabara. Nikaangalia saa ya gari. Ilikuwa saa tano kasoro dakika nane.

Saa ya kaka. Miaka ya kaka. Barabara ya kwenda kwa duka la kaka.

"Inama utapike," rafiki yangu akasema, amenifungulia mlango. "Inama nje!"

"Siinami."

"Inama, wewe!"

"Nikiinama siinuki!"

Na kwa sababu sikuinama, nilitapika nikiwa nimekaa wima, juu ya shati langu jeupe, juu ya usukani, mbele ya watu wa bodaboda waliokuwa wamesimama kutazama. Mimi ambaye Kitengela yote inaniita bosi. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nilisikia nikiita mama yangu, kwa lugha ya nyumbani, kama mtoto. Nilikuwa nafikiria yule mteja tu. Nilikuwa nafikiria kwamba hata mimi kuna mtu amesimama mahali akiningojea, bado hajajua.

"Endesha wewe," nikamwambia rafiki yangu.

"Mimi najua kuendesha ng'ombe." Alisema hivyo bila kucheka, tayari ameshuka, amesimama katikati ya barabara na rungu lake limeinuliwa juu, na gari la kwanza lililokuja halikuwa na njia ila kusimama. Mwenye gari alitupeleka Kajiado. Rafiki yangu alinishika kichwa njia yote, na kwa mkono mwingine akampigia mke wangu kwa simu yangu. Nikamsikia akimwambia, "Mama, kuja. Bado iko hai." Hilo "bado" nalisikia mpaka leo.

Hospitali ilikuwa mtaa wa pili kutoka lile duka la kaka. Nilipokuwa naingizwa kwa kitanda cha magurudumu nililiona bango lake kwa mbali. Siku hizi wanauza viatu.

Daktari wa huko alikuwa mwanamume wa makamo, hana maneno mengi. Alipima presha akaita muuguzi, wakanong'ona, wakanitia maji kwa mshipa. Akauliza nimekula nini.

"Waru."

"Na nini?"

"Waru tu."

"Jana?"

"Waru."

"Juzi?"

Nikaonyesha vidole, wiki sita. Akaweka kalamu chini.

Mke wangu alifika na teksi kutoka Kitengela, amevaa ile leso ya jikoni, hakuwa amebadilisha. Daktari alipomuuliza hizo waru zilikuwa namna gani, hakunisubiri. Alitoa moja kwa mkoba. Alikuwa amechukua moja kwa sufuria kabla ya kutoka, kwa sababu alishuku kabla ya mtu yeyote. Ilikuwa ya kijani kama parachichi. Akampigia mama yangu Nyandarua, akaweka sauti juu, tukasikia wote.

"Mama, waru ikikaa kwa jua ikawa ya kijani na ikatoa macho, hiyo ni ya nini?"

"Hiyo ni mbegu," mama akasema. "Hiyo tunaweka kwa mwanga makusudi, iote, tupande. Kwani mnataka kupanda huko kwenu kwa mawe?"

"Kijana wako amekula."

Mama akapandisha sauti.

"Amekula mbegu? Huyo? Si nilimchapa kwa hiyo akiwa mdogo, alipompa mbuzi?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimesahau kabisa, na mara nikaona kila kitu: zile waru zimepangwa kwa mbao chini ya upenu, yule mbuzi amelala ubavuni na mdomo una povu, mama na kijiti chake. Nilikuwa na miaka sita. Ile miaka sita niliyomtajia mke wangu.

Daktari akasema viazi vikikaa kwa jua namna hiyo vinatengeneza sumu, na kwamba hiyo ya tumbo na ganzi itapita. "Mimi siogopi waru," akasema. "Naogopa hii presha. Hii si ya leo. Hajawahi kupewa dawa?"

Nikafumba macho. Mke wangu akasema hapana, hajawahi. Nikamwacha aseme. Halafu nikafikiria yule mteja anangoja kwa kaunta, na nikaona kwamba nikinyamaza na leo, basi nimeinama mwenyewe.

"Ziko kwa pikapu," nikasema. "Kwa kisanduku cha mbele."

Rafiki yangu akarudi Isinya na bodaboda, akazileta. Mke wangu alishika ile bahasha, akasoma tarehe, akahesabu vidonge vyote, kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja kilikuwa kimetoka.

"Ulitaka nikuzike bila kujua nakuzika kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Sijawahi kumwambia mtu hili. Nilimwambia pale, na muuguzi akisikia. "Naogopa kuanguka kama kaka. Naogopa kuinama. Miaka minne siinami."

Nilidhani atanicheka, au atanitukana, na ningependelea matusi. Alikaa kwa ukingo wa kitanda akanimenyea chungwa. Alilimenya hadi likabaki nusu, na hapo ndipo nilijua kwamba yeye pia alikuwa anaogopa, tangu siku nilipomwaga zile waru, na kwamba kila mmoja wetu alikuwa analala na woga wake akimfichia mwenzake kwa kitanda kimoja.

Nililala huko siku tatu. Kidonge cha kwanza alinitia yeye mdomoni. Uzito bado tunaupunguza, kwa chakula cha kawaida na kutembea, polepole, na daktari msichana wa Kitengela ananipima kila mwezi kwa ule mkanda mkubwa. Waru zilizobaki tulimpelekea mama, akazipanda. Bado naogopa. Asubuhi nyingine bado nashika shingo. Lakini sasa mke wangu akigeuka ananiuliza, "Ngapi?" na mimi namwambia.

Siku ya kutoka nilisimama kwa dirisha la malipo. Maishani mwangu sijawahi kulipa bei niliyotajiwa. Hata jeneza la kaka niliomba kupunguziwa. Siku hiyo nililipa bila neno. Yule mama wa malipo akapitisha risiti chini ya kioo, upepo wa feni ukaichukua, ikaanguka sakafuni karibu na kiatu changu. Muuguzi akataka kuiokota. Mke wangu akamshika mkono.

"Mwache," akasema. "Baba watoto, inama."

Nikashika ukingo wa dirisha. Nikateremka pole pole, goti likilia, damu ikinijaa masikioni, macho yamefumbwa. Nikaigusa ile karatasi. Nikangoja. Hakuna kitu kilikuja. Nikainuka nayo, nikafumbua macho, nikaisoma kwa sauti ili asikie kwamba bado niko: shilingi elfu hamsini na tatu, mia mbili na arobaini.